Virusi vya tarakilishi vilianza kama mzaha, vikaishia kudai kikombozi

WENGI wanapolisikia neno virusi vya tarakilishi, huwaza genge la wahalifu lililojificha ng'ambo likinyemelea akaunti za benki. Taswira hiyo ina ukweli wake siku hizi, lakini sivyo mambo yalivyoanza.

Virusi vya mwanzo havikutungwa na wezi. Waliovitunga ni pamoja na mhandisi, mvulana wa shule, wanafunzi wa vyuo vikuu na ndugu wawili wenye duka la tarakilishi, na takribani kila mmoja wao alikuwa na sababu aliyoiona kuwa njema, au angalau isiyo na madhara. Kinachowaunganisha ni kwamba walipokwisha kukiachilia walichokitunga, hawakuweza tena kukirejesha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hivyo, anayetaka kufahamu ni kwa nini leo hospitali nzima inaweza kukwama kwa sababu ya faili moja iliyofunguliwa ovyo, hana budi kurudi nyuma hadi katikati ya karne iliyopita.

Kirusi ni nini?

Kirusi cha tarakilishi ni programu fupi inayojibandika kwenye programu nyingine au kwenye diski, kisha ikajinakili kila inapopata nafasi. Kama vile virusi vya maradhi visivyoweza kuzaana nje ya chembe hai, kirusi hiki nacho hakiwezi kufanya lolote mpaka programu kilimojificha iendeshwe na mtu.

Mnyoo wa tarakilishi ni tofauti kidogo. Huo haujibandiki popote. Hujitegemea na kusafiri wenyewe kupitia mtandao, kutoka mtambo mmoja hadi mwingine.

Aina ya tatu hupewa jina la farasi wa Troya, kutokana na kisa cha kale cha Wagiriki walioingia katika mji wa adui wakiwa wamejificha ndani ya sanamu ya farasi wa mbao. Hii ni programu inayojionyesha kuwa yenye manufaa ilhali imebeba shari ndani yake. Haijinakili. Hutegemea mwathiriwa aikaribishe mwenyewe.

Wazo kabla ya mtambo

Nadharia ilitangulia virusi vyenyewe. Mnamo 1949, mwanahisabati John von Neumann, mzaliwa wa Hungary aliyehamia Marekani, alitoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Illinois kuhusu uwezekano wa mtambo kujizalisha wenyewe. Von Neumann alifariki 1957, na kazi yake ikahaririwa na Arthur Burks na kuchapishwa kuwa kitabu mnamo 1966.

Hakuwa akifikiria uharibifu. Alitaka kujua kama kitu kisicho na uhai kinaweza kubeba maelezo kamili ya namna ya kujitengeneza, kama afanyavyo kiumbe hai. Jibu lake lilikuwa kwamba inawezekana.

Jaribio la vitendo lilifanyika 1971. Bob Thomas, mhandisi wa kampuni ya utafiti ya Bolt Beranek and Newman katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, alitunga programu aliyoiita Creeper, yaani Mtambazi. Ilihama kutoka tarakilishi moja hadi nyingine katika mtandao wa ARPANET, uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani na ambao ndio mtangulizi wa intaneti. Kila ilikofika, iliandika ujumbe wa kujitambulisha na kumpa changamoto msomaji aikamate akiweza.

Mwenzake Thomas, Ray Tomlinson, aliiboresha Creeper ikawa inajinakili badala ya kuhama tu. Kisha akatunga nyingine kwa jina Reaper, yaani Mvunaji, ambayo kazi yake ilikuwa kuifuata ya kwanza na kuifuta. Kirusi na dawa yake vilizaliwa katika ofisi moja. Tomlinson huyo ndiye aliyebuni barua pepe ya mtandao huo mwaka uo huo wa 1971 na kuichagua alama inayotenganisha jina la mtu na la mtambo wake katika anwani.

Dalili kwamba mambo yangeweza kuponyoka ilionekana katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California. Watafiti John Shoch na Jon Hupp walitunga programu walizoziita minyoo, jina walilolitoa katika riwaya ya mwandishi Mwingereza John Brunner iliyochapishwa 1975. Minyoo hiyo ilikusudiwa kuzitumia tarakilishi zilizolala bure usiku.

Usiku mmoja mnyoo uliharibika ukiwa kazini. Watafiti walipofika asubuhi walikuta makumi ya mitambo imekwama kote jengoni, na kila walipoiwasha upya, mnyoo uliivamia tena. Bahati yao ni kwamba walikuwa wameweka mapema amri ya dharura ya kuuzima. Walisimulia kisa hicho katika makala ya kitaaluma mnamo 1982. Wengi waliowafuata hawakuweka amri kama hiyo.

Mzaha wa mvulana wa miaka 15

Mwaka huo wa 1982, virusi vilitoka maabara na kuingia nyumbani. Rich Skrenta, mwanafunzi wa umri wa miaka 15 katika jimbo la Pennsylvania, alikuwa na mazoea ya kubadilishana na marafiki michezo ya tarakilishi iliyonakiliwa kwenye disketi, vile visahani vyembamba vya kuhifadhia data. Alipenda kuichezea michezo hiyo kabla ya kuwapa wenzake, ili ikifunguliwa iwatolee maneno ya kejeli. Wenzake walipoubaini mchezo wake, wakakataa kumpa disketi zao.

Skrenta alitafuta njia ya kuzifikia bila kuzishika. Alitunga Elk Cloner, programu iliyojificha katika sehemu ya kwanza ya disketi, ile ambayo tarakilishi aina ya Apple II huisoma inapowashwa. Ikisha kusomwa, ilikaa katika kumbukumbu ya mtambo na kujinakili kwenye kila disketi safi iliyoingizwa baadaye. Kila mara ya 50 mtambo ulipowashwa kwa disketi hiyo, shairi fupi la mzaha lilijitokeza kwenye kiwambo.

Elk Cloner huhesabiwa kuwa miongoni mwa virusi vya kwanza kabisa kuenea miongoni mwa watumiaji wa tarakilishi za kibinafsi. Haikukusudiwa kufuta faili yoyote. Hata hivyo ilidhihirisha njia ambayo virusi vingetumia kwa zaidi ya mwongo mzima: mkono wa rafiki anayekupa disketi.

Jina lapatikana

Hadi hapo programu hizo hazikuwa na jina moja la kuzikusanya. Jina lilipatikana Novemba 1983 katika Chuo Kikuu cha Southern California, ambako mwanafunzi Fred Cohen alifanya jaribio kwa ajili ya semina ya usalama wa tarakilishi. Mhadhiri wake, Leonard Adleman, mmoja wa wavumbuzi watatu wa mfumo maarufu wa kusimba ujumbe wa RSA, ndiye aliyependekeza ziitwe virusi.

Cohen alikificha kirusi chake ndani ya programu iliyoonekana kuwa na manufaa, akawaachia watumiaji wa tarakilishi ya chuo waitumie kwa hiari yao. Alirudia jaribio mara tano. Kila mara kirusi kilipata mamlaka yote juu ya mtambo katika muda usiozidi saa moja. Kwa wastani kilihitaji nusu saa, na mara moja kilifanikiwa kwa dakika tano tu. Wasimamizi wa mtambo walipoyaona matokeo, walipiga marufuku majaribio zaidi.

Katika makala yake ya 1984, Cohen alithibitisha pia jambo ambalo lingali linawasumbua wataalamu: haiwezekani kutunga programu itakayotambua kila kirusi bila kukosea. Hoja yake ni rahisi kuifuata. Tuseme upo mtambuzi asiyekosea. Mtu anaweza kutunga programu inayomwuliza mtambuzi huyo, "Je, mimi ni kirusi?" Akijibu ndiyo, programu inatulia bila kujinakili. Akijibu la, inajinakili mara moja. Jibu lolote atakalotoa litakuwa kosa.

Ndiyo sababu programu za kukinga virusi huhitaji kusasishwa kila mara. Anayeahidi kinga kamili anaahidi kisichowezekana kihisabati.

Ndugu wawili wa Lahore

Mnamo 1986 kirusi kiliivuka mipaka ya mabara. Kilitoka mjini Lahore, Pakistan, katika duka la ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi. Kiliitwa Brain, jina la biashara yao, na ndicho kirusi cha kwanza kuenea duniani kupitia tarakilishi za aina ya IBM PC.

Kwa maelezo yao, ndugu hao walikuwa wameandika programu ya kitabibu na wakachoshwa na watu walioinakili bila kulipa. Walitaka kuzifuatilia nakala za wizi. Jambo la kustaajabisha kwa msomaji wa leo ni kwamba walitia majina yao, anwani ya duka na nambari za simu ndani ya kirusi, pamoja na onyo kwamba mtu awasiliane nao ili apewe tiba. Mhalifu anayejificha haachi anwani.

Brain ilikuwa na ujanja ambao Skrenta hakuwa nao. Mtu alipojaribu kuichunguza sehemu ya disketi iliyoambukizwa, kirusi kilimwonyesha nakala ya sehemu halisi iliyokuwa safi, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Punde si punde, simu za malalamiko zikaanza kupigwa Lahore kutoka nchi za mbali. Oktoba 1987, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani walianza kuripoti disketi zilizopata jina hilo geni.

Ndugu hao hawakutoroka. Waliendelea na biashara na baadaye wakawa watoaji wa huduma za intaneti nchini mwao. Mwaka wa 2011, mtafiti wa usalama kutoka Finland, Mikko Hyppönen, alisafiri hadi Lahore akiifuata ile anwani ya miaka 25 iliyotangulia, akawakuta papo hapo wakifanya kazi.

Shari yaingia

Mwaka wa 1987 ndipo mzaha ulipoanza kuwa na meno. Katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, kilipatikana kirusi kilichofuta data baada ya kujinakili mara chache tu. Katika Chuo Kikuu cha Kiebrania mjini Jerusalem, kilipatikana kingine kilichotunzwa kungoja Ijumaa ya tarehe 13 ili kifute kila programu itakayofunguliwa siku hiyo. Kilijifichua kwa sababu ya dosari yake chenyewe: kiliiambukiza programu ileile tena na tena hadi ikanenepa kupita kiasi.

Desemba mwaka huo, programu iliyotoka katika chuo kikuu kimoja cha Ujerumani Magharibi ilichora mti wa Krismasi kwenye kiwambo, huku ikijituma kwa siri kwa kila mtu aliyekuwa katika orodha ya anwani za mpokeaji. Ilisambaa hadi ikaujaza mtandao wa ndani wa kampuni ya IBM. Kila aliyeipokea aliiona imetoka kwa mtu anayemfahamu, naye akaifungua bila wasiwasi.

Usiku wa mnyoo wa Morris

Jioni ya Novemba 2, 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa shahada ya uzamili na uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cornell, aliuachilia mnyoo katika intaneti kupitia tarakilishi ya chuo cha MIT. Babake alikuwa mtaalamu wa usalama wa tarakilishi katika idara ya ujasusi ya Marekani, NSA.

Mnyoo wa Morris uliingia kupitia dosari za programu ya barua pepe na ya kuulizia habari za watumiaji, na pia kwa kukisia maneno ya siri yaliyokuwa mepesi. Haukuandikwa ufute kitu. Kosa lilikuwa katika hesabu. Ulipoukuta mtambo ambao tayari una nakala yake, ulitakiwa kujiondoa. Morris alihofia kwamba wasimamizi wangeudanganya kwa kujibu kila mara kwamba nakala ipo. Akaamuru kwamba mara moja katika kila saba, ubaki hata hivyo.

Kiwango hicho kilikuwa kikubwa mno. Nakala zilirundikana katika kila mtambo hadi ukalemewa. Makadirio ya wakati huo ni kwamba takriban tarakilishi 6,000 kati ya 60,000 zilizounganishwa na intaneti ziliathiriwa. Rafiki yake alijaribu kusambaza ujumbe wa kuomba radhi na maelezo ya kuuzuia, lakini mtandao ambao ungeubeba ujumbe huo ndio uliokuwa umekwisha kuzibwa na mnyoo wenyewe.

Mwaka wa 1990, Morris alipatikana na hatia chini ya sheria ya Marekani ya 1986 kuhusu matumizi mabaya ya tarakilishi. Alipewa kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kuihudumia jamii na faini ya dola 10,050. Baadaye alikuwa profesa katika MIT, chuo kilekile alikouachilia mnyoo. Mkasa huo pia ulisababisha kuundwa kwa kituo cha kwanza cha kushughulikia dharura za tarakilishi, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, wiki chache tu baada ya tukio.

Disketi ya Ukimwi

Tukio lililofunga miaka hiyo ya mwanzo lina uhusiano na eneo letu. Desemba 1989, disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa njia ya posta kutoka London kwa watu wa nchi mbalimbali, wakiwemo waliohudhuria kongamano la kimataifa kuhusu Ukimwi. Zilidai kubeba programu ya kumsaidia mtu kupima hatari yake ya kuambukizwa.

Programu hiyo ilikuwepo kweli, lakini chini yake palikuwa na farasi wa Troya. Ilihesabu mara ambazo mtambo uliwashwa. Hesabu ilipofika takriban mara 90, iliyavuruga majina ya faili zote zisifunguke, kisha ikamtaka mwenye mtambo atume dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama.

Mshukiwa alikuwa Dkt Joseph Popp, Mmarekani mwenye shahada ya uzamifu ya Chuo Kikuu cha Harvard, aliyekuwa amefanya utafiti kuhusu nyani na kufanya kazi nchini Kenya. Alikamatwa Marekani na kupelekwa Uingereza kushtakiwa, lakini mnamo 1991 mahakama ikaamua kwamba hali ya akili yake haikumruhusu kujibu mashtaka. Alikuwa amedai kwamba fedha zingetumika kwa utafiti wa Ukimwi.

Wakati huo, kwa Wakenya wengi neno virusi lilikuwa na maana moja tu, nayo ilikuwa ya msiba. Aliyeituma disketi hiyo aliitumia hofu hiyohiyo kama chambo. Waliodhurika si wachezaji wa michezo ya tarakilishi, bali watu waliokuwa wakitafuta maarifa ya kuokoa maisha. Mtaalamu wa Uingereza, Jim Bates, aliichambua programu hiyo na kutoa bure dawa ya kurejesha majina ya faili, kwa kuwa ufunguo wa kuyafungua ulipatikana ndani ya programu yenyewe.

Sheria yachechemea nyuma

Katika visa hivi vyote, sheria ilifika baada ya madhara. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mei 4, 2000, wakati barua pepe yenye kichwa cha kukiri mapenzi ilipoanza kuenea kutoka Ufilipino na kuziambukiza mamilioni ya tarakilishi duniani. Mtunzi wake, Onel de Guzman, aliyekuwa mwanafunzi mjini Manila, hakuweza kushtakiwa kwa sababu nchi yake haikuwa na sheria dhidi ya kitendo hicho. Bunge la Ufilipino lilipitisha sheria mwezi uliofuata, nayo haikuweza kurudi nyuma kumnasa. Miongo miwili baadaye, alikiri kwa mwanahabari kwamba alitaka kuiba maneno ya siri ili atumie intaneti bila kulipa.

Kenya ilipata Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni mnamo 2018. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mei 2017, mnyoo uliopewa jina WannaCry ulikuwa umezifunga tarakilishi katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza, ambako wagonjwa walirudishwa nyumbani bila kuhudumiwa. Ulidai kikombozi cha dola 300 kwa kila mtambo. Mbinu ilikuwa ile ya disketi ya 1989, isipokuwa kwamba sanduku la posta la Panama lilikuwa limebadilishwa kwa sarafu ya kidijitali, na ufunguo haukuachwa ndani.

Msomaji atagundua kwamba tangu enzi ya Skrenta, milango mingi imekuwa ileile: disketi ya rafiki, programu ya bure, salamu za Krismasi, barua ya mapenzi. Mitambo imebadilika mara nyingi, lakini anayeufungua mlango bado ni binadamu aliyemwamini aliyebisha hodi. Kwa sababu hiyo, mashauri ya wataalamu hayajabadilika sana: hifadhi nakala ya kazi yako mahali palipo mbali na mtambo unaoutumia, sasisha programu zako kwa wakati, na kabla ya kufungua usichokitarajia, hata kama kimetoka kwa unayemfahamu, muulize kwanza kama ni yeye aliyekituma.